Picha ya Muzee Édouard Ukutani

Vuuuu. Projekta ilivuma gizani kama nyuki waliochokozwa, na kwa muda hapakuwa na kingine cha kusikia wala cha kuona. Madirisha ya ukumbi wa parokia, pale Katindo, Goma, yalikuwa yamezibwa kwa blanketi na vikwembe, vitenge vya kina mama wenyewe, ili jua la asubuhi lisimeze picha. Mtu akakohoa. Mtoto mchanga akaanza kulia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Kisha taa ya mashine ikawaka, ukuta ukawa mweupe, na mbele ya weupe ule akaonekana Lévi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda.

Wavuvi wa Vitshumbi walikuwa wamejenga nyumba ya barafu kando ya ziwa lao. Barafu waliipata, samaki walikuwa nao. Walichokosa ni mtu wa kuuza samaki wao wabichi mjini Goma. Na Goma yote, mtu wa kazi hiyo alikuwa mmoja tu: ushirika wa kina mama wauza samaki, hawa hawa waliojaa ukumbini. Wakikubali leo, samaki wa Vitshumbi wataingia kila soko la mji. Wakikataa, kazi inakwenda kwa papa Mirindi, muuza samaki wa frigo, wa kugandishwa, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na mkoba magotini akingoja zamu yake ya kusema. Na barafu ya Vitshumbi itayeyukia huko huko ilikogandia.

Wavuvi walimchagua Lévi awasemee kwa sababu alizaliwa kwao, alisomea Goma, na hakuwahi kukaa kimya tangu siku aliyojua kusema.

Lakini Lévi hakutaka kusema tu. Alitaka kuonyesha. Mwezi uliotangulia aliingia mafunzo ya kuzungumza mbele ya watu kwa diapo, zile picha na maneno yanayotoka kwenye kompyuta na kurushwa ukutani. Mwalimu alikuwa kijana wa Bukavu aitwaye Mulumeoderhwa, mtu wa viatu vinavyong'aa, na kila alichosema Lévi alikimeza kizima. Diapo moja, wazo moja. Picha iwe kubwa, maneno yawe machache, na ukiisha kuyapunguza, yapunguze tena. Weka weusi nyuma ya picha, ndipo picha itaruka mbele. Zima simu. Usiupe ukuta uso na watu mgongo. Na kubwa kuliko yote: ukiisha kuonyesha picha ya kwanza, nyamaza.

"Wacha picha iseme," Mulumeoderhwa alikuwa akiwaambia, kidole kimesimama mdomoni. "Mutu mwenye haogope kunyamaza, batu bote banamusikia."

Picha ya kwanza ya Lévi ilikuwa ya baba yake, Muzee Édouard, mvuvi ambaye Vitshumbi nzima inamjua. Mwanzoni Lévi aliandika chini yake kwamba huyu ni mvuvi, kwamba aliingia ziwani kijana mwaka 1974, na kwamba mpaka leo, 2025, anatupa nyavu kila usiku. Mulumeoderhwa alitikisa kichwa. Maneno mengi. Lévi akakata. Akatazama, akakata tena. Kilichobaki kilikuwa kifupi, safi, chenye nguvu, na mwalimu akampigia makofi mbele ya wenzake.

Basi Lévi akabonyeza.

Uso wa Muzee Édouard ukajaza ukuta. Ilikuwa picha ya studio: koti jeusi, tai, mdomo uliofungwa, macho yanayotazama mbele bila haraka. Nyuma yake weusi mtupu. Chini yake, kwa herufi nyeupe:

MUZEE ÉDOUARD
1974 – 2025

Lévi akakutanisha mikono mbele ya tumbo, akainamisha kichwa kidogo, akanyamaza.

Alitegemea kimya, lakini si kimya cha namna ile. Hata mtoto aliyekuwa akinyonya aliacha. Mama mmoja wa safu ya tatu akasimama, polepole, mkono kifuani. Jirani yake akamtazama, akautazama ukuta, naye akasimama. Kisha mabenchi yakalia kwa pamoja, na ukumbi wote ukawa wima.

Kifua cha Lévi kikajaa. Mulumeoderhwa aliwaambia kwamba picha nzuri huwafanya watu wainame mbele kidogo; hakuwaambia kwamba inaweza kuwasimamisha. Simu zikainuliwa gizani, moja, mbili, kumi, kina mama wakaupiga ukuta picha. Hiyo nayo ilikuwa alama nzuri: mtu hapigi picha kitu kisichomgusa. Baadhi yao, hata hivyo, walifungua vitambaa vya kichwani wakavifunga kiunoni, na Lévi hakujua hiyo ni alama ya nini ndani ya mkutano wa samaki.

Kisha papa Mirindi, mpinzani wake, akasimama akavua kofia.

Hapo ndipo Lévi alipoanza kutoelewa.

"1974?" mama mmoja alinong'ona karibu yake. "Anaonekana muzee kupita ile."

"Maji ya ziwa inazeesha mutu," mwenzake akamjibu. "Nyamaza."

Wanabishana juu ya nini? Lévi alitaka kusema neno, akakumbuka kidole cha Mulumeoderhwa mdomoni, akazidi kunyamaza. Diapo ya pili itaeleza yote. Alikuwa ananyoosha mkono abonyeze, ndipo kilio kikapanda kutoka nyuma ya ukumbi, kirefu, cha mwanamke.

Aliijua sauti ile kabla hajamwona mwenye nayo. Ilikuwa ya tantine Charline, dada mdogo wa baba yake, aliyeuza samaki Goma tangu kabla Lévi hajazaliwa, na aliyekuwa mwanachama wa ushirika kama wengine. Alikuja katikati ya mabenchi akishikwa na kina mama wawili, miguu haimtii.

"Yaya wangu," alikuwa akimlilia kaka yake. "Yaya wangu Édouard." Alipofika mbele alimshika Lévi shati kwa mikono yote miwili, pasi yote ikaharibika. "Na simu, Lévi? Simu iko ya nini, mutoto yangu?"

Simu. Lévi aliizima tangu alfajiri, kama alivyofundishwa. Kumbe tantine alikuwa anamtafuta. Alikuwa anamtafuta amwambie kitu.

"Tantine, iko nini?"

Charline akalia upya, shati bado mikononi.

"Baba amefanya nini?"

Mikono ikamshika mabega, mikono mingine ikatandika mkeka chini ya ukuta, na Lévi akajikuta ameketishwa, mgongo ukutani, kichwa chake chini kabisa ya picha ambayo sasa hakuweza kuiona. Mtu akamletea maji. Mama Sidonie, présidente wa ushirika, mama mpana wa Bukavu ambaye hata wachuuzi wa soko walimnyamazia, akapiga magoti mbele yake, akaingiza mkono katika mfuko wa shati lake, akaichukua simu, akaisukumia kifuani mwake mwenyewe.

Hakuna mtu Goma asiyejua maana ya hayo. Mwenye msiba haambiwi habari ana kwa ana, kama mtu anayeambiwa bei. Kwanza anaketishwa. Kwanza anakunywa maji. Simu yake inachukuliwa, mtu asiye na huruma asimpigie akamrushia neno lenyewe. Lévi mwenyewe alikwisha kuwa miongoni mwa wanaoketisha, miongoni mwa wanaosema kunywa, kunywa kwanza. Leo yeye ndiye aliyekuwa mkekani.

"Kunywa, papa," alisema Mama Sidonie, akimwita baba kwa heshima. "Kunywa kwanza."

"Mama présidente, niambie tu. Baba iko?"

"Kunywa."

Akanywa. Jana jioni alizungumza na baba yake, na baba alilalamika kwamba Lévi anasema mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Kati ya jana jioni na sasa kumetokea nini? Kiboko? Viboko wa Vitshumbi hupindua mtumbwi kwa hasira tu. Au upepo? Au moyo wenyewe, usingizini? Na kwa nini watu wote walijua, isipokuwa yeye? Akarudisha nyuma yote aliyoyaona tangu alipobonyeza, na kila kitu kikajipanga upya, vibaya. Walisimama kabla Charline hajalia. Papa Mirindi alivua kofia kabla Charline hajalia. Basi walijua. Walijua tangu mlangoni, walimsalimia, walimwacha afunge madirisha na kutabasamu na kuuweka uso wa marehemu ukutani kama tangazo la sabuni.

Aibu na uchungu vikampanda pamoja, hakujua alie kwa kipi.

Papa Mirindi akaja akachuchumaa mbele ya mkeka, kofia mkononi.

"Pole sana, mutoto yangu," alisema. "Mimi sijui kushindana na mutu mwenye kilio. Samaki yangu iko ndani ya frigo, itangoja. Siku ya leo ni yako." Akamgusa bega, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni taratibu.

Lévi alimtazama akienda, asielewe kama amshukuru.

Mama Sidonie alisimama, akapangusa macho kwa ncha ya kikwembe.

"Bamama," alisema, "bote mumeona. Hapa ndani banaume bengi bamekuya kutuonyesha makaratasi na maneno. Huyu kijana ameleta sura ya baba yake, na hakuweza kutoa hata neno moja. Amesimama tu, mikono hivi. Mimi nimeelewa. Mwenye kukubali samaki ya Vitshumbi, kwa heshima ya marehemu, ainue mukono."

Mikono ikainuka gizani, mingi, imesongamana kama mihogo shambani. Kutoka mkekani Lévi aliiona yote. Ushindi alioutesekea kwa mwezi mzima ulikuwa umekuja kumkalia kichwani kabla ya diapo ya pili, na yeye hakusikia lolote isipokuwa neno moja. Marehemu. Limekwisha kusemwa. Akajifunika uso akalia kwa sauti, na kina mama walipomwona analia, wimbo ukaanzishwa upande wa kulia na kupokewa upande wa kushoto, wimbo wa taratibu ambao kila mtu wa Goma ameuimba usiku kucha kwenye ua wa mtu.

Waliimba beti zote. Ulipopungua, Lévi alimgeukia shangazi yake, aliyekuwa amejikunja pembeni mwake mkekani.

"Ni nani alikupigia, tantine? Batu ba Vitshumbi?"

"Kunipigia nini?"

"Habari ya baba."

Charline alipenga kamasi, akamtazama kwa macho mekundu. "Hakuna mutu alinipigia. Si ndiyo ile ninakuuliza? Juu ya nini haukunipigia?"

"Mimi? Mimi nilijua nini?"

"Lévi."

"Mimi nimejua sasa hivi, hapa, kwenu."

"Kwetu?" Charline aliketi sawasawa. "Siye tumejua kwako. Ni wewe umetuonyesha." Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Lévi.

Lévi akageuka. Ilimbidi ainuke nusu, ajivute nyuma, kwa sababu picha ilikuwa kubwa na yeye alikuwa chini yake kabisa. Akaitazama. Kwa mara ya kwanza aliitazama kama mtu aliyeingia tu ukumbini, asiyejua yaliyokatwa wala sababu ya kuyakata. Weusi. Koti. Tai. Jina. Mwaka, kistari, mwaka. Yalikuwa yale yale yanayobandikwa kwenye lango la nyumba yenye msiba, chini ya tawi la mti, watu wapitao wapunguze mwendo.

"Ile ni miaka ya kuvua," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko projekta. "Alianza kuvua mu 1974. Mpaka sasa."



"Na sasa iko wapi?" aliuliza Mama Sidonie.

"Vitshumbi."

"Muzima?"

Lévi alitaka kusema ndiyo, na neno likakataa. Amekwisha kulia. Amekwisha kumwona baba yake majini, kitandani, chini ya mtumbwi. Huwezi kumlilia mtu kwa moyo wote kisha ukamrudisha kwa neno moja.

"Jana alikuwa muzima," alisema.

"Jana kila mutu alikuwa muzima," alisema Mama Sidonie, akaitoa simu kifuani. "Fungua."

Simu ilipowaka ilianza kutetemeka kama ina homa. Ujumbe juu ya ujumbe. Pole kwa msiba. Pole kwa kuondokewa na muzee. Binamu wa Butembo alikuwa anauliza kama waje na basi moja au mawili. Mtu wa Beni, ambaye Lévi hakumkumbuka, alikuwa amemwombea marehemu pumziko la milele.

"Kama Butembo banajua," alisema, "basi ni kweli."

"Butembo banajua kwa picha yetu, papa," alisema mama mmoja kijana, akionyesha simu yake. Ukuta ulikuwamo, na muzee, na hata kichwa cha Lévi kimeinama pembeni. "Niliituma kwa groupe ya bauza samaki. Nao nafikiri baliituma mbele. Munisamehe."

Kwa hiyo habari ilikuwa imetoka ukutani pale, ikafika Butembo, ikarudi kwake kama ushahidi. Lévi alilielewa jambo hilo kwa kichwa. Moyo ulikataa kabisa kulielewa. Akampigia baba yake. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Vitshumbi réseau, mtandao wa simu, huja inapotaka, kila mtu alijua hivyo, na hakuna aliyethubutu kulisema. Mara ya tatu ikaita, ikaita, na Mama Sidonie akanyoosha kidole akafungua kipaza sauti.

"Allô." Mdomo ulikuwa umejaa.

"Baba?"

"Niko nakula."

Charline aliketi chini palepale, akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akijipiga mapaja.

"Baba, uko muzima?"

"Hata wewe?" alisema Muzee Édouard. "Mutoto moja wa Butembo amenipigia, nikasema allô, akakata. Akapiga tena, akauliza maziko ni lini. Nimemwambia akuye na mbuzi, tutaangalia. Iko nini uko Goma?"

"Ni mimi, baba. Niliweka picha yako mbele ya bamama."

"Picha gani?"

"Ile ya koti."



"Ile ya koti," alisema muzee polepole, "nilikuambia ni ya siku yangu. Siyo ya mikutano."

Kicheko kikalipuka ukumbini, kikavunja kila kitu. Blanketi moja likaanguka dirishani, jua likaingia, uso wa muzee ukafifia ukutani. Mama Sidonie peke yake hakucheka. Alichukua simu akaisogeza mdomoni.

"Muzee, ni Mama Sidonie, présidente. Tumekulilia hapa."

"Asante, mama. Mulinilia muzuri?"

"Muzuri. Mupaka kura tumekupigia. Tumekubali samaki yenu."

"Basi niache nibakie marehemu kwanza, mupaka gari ifike."

Wakacheka tena. Mama Sidonie alingoja wamalize.

"Apana, muzee. Ile mikono tuliinulia marehemu, na marehemu iko nakula. Bamama, mikono ishuke. Hakuna kura hapa."

Mlangoni, papa Mirindi, aliyesimamishwa pale na wimbo, aligeuka akairudisha kofia kichwani. "Na mimi basi nirudi."

"Rudi, papa. Zamu yako inakuya. Lakini kijana amalizie yake."

Lévi akasimama, mkeka umemwachia alama kwenye suruali, shati limekunjamana, macho yamevimba. Alikuwa na ushindi mkononi dakika chache tu zilizopita. Sasa alikuwa na projekta, baba yake kwenye kipaza sauti, na ukumbi uliokwisha kumlilia na kumcheka kwa kikao kimoja. Hakujua tena kipi kati ya alivyofundishwa ni kweli. Akarudisha blanketi dirishani, akabonyeza diapo ya pili.

Wavuvi sita kando ya mtumbwi. Alikutanisha mikono anyamaze, kama alivyofundishwa, lakini hawakumpa nafasi.

"Hawa, iko bazima?" iliuliza sauti kutoka nyuma.

"Bazima, mama. Bote."

"Huyu wa kwanza?"

"Muzima. Ni Edmond. Ameoa bibi wa Kibati, mwezi huu wamepata mutoto."

"Na huyu mwenye macho imefunga?"

"Jua, mama. Jua lilimpiga machoni. Yeye ndiye anajua kupanga samaki ndani ya barafu. Ukimwona anafanya, utafikiri analaza mutoto."

"Anasema kweli," kilisema kipaza sauti. "Lakini Edmond ni muvivu."

Ikaendelea hivyo. Kila picha iliyopanda ukutani ilihojiwa, na kwa kila swali Lévi alijibu zaidi ya alichoulizwa. Aliupa ukuta uso na watu mgongo. Alionyesha kwa kidole. Alisema mbiombio, baba yake akamkaripia kwenye simu, akapunguza, akasahau, akaenda mbio tena. Aliwaambia barafu inavyopasuliwa alfajiri, samaki anavyooshwa, kwa nini tumbo hutolewa kabla na si baada. Mulumeoderhwa angekuwa pale angefunika viatu vyake kwa aibu. Kina mama walikuwa wameinama mbele, kweli, lakini Lévi hakuweza kujua kama wanamsikiliza au wanangoja aue mtu mwingine.

Akafika kwenye picha ya gari, lori dogo lenye masanduku nyuma.

"Na hii gari, iko nzima?" aliuliza Mama Sidonie, na safari hii alicheka yeye mwenyewe kwanza. Kisha akaacha kucheka. "Sasa nisikilize, papa. Gari inatoka Vitshumbi na barafu, muzuri. Inafika barrière ya njiani, banaisimamisha. Jua inapanda. Inasimama, inasimama. Inafika hapa, tunafungua sanduku, samaki inanuka. Muteja hataenda kuuliza diapo. Ataniuliza mimi, pale sokoni, mbele ya batu. Ile siku, nani atasimama na mimi?"

Lévi akabonyeza kutafuta jibu. Ukuta ukaandika: ASANTENI.

Mtu akacheka kwa pua. Papa Mirindi akakohoa kidogo. "Mimi frigo yangu inatembea na gari," alisema, si kwa ubaya.

"Mama présidente," alianza Lévi, "kwa mambo ya njiani, comité ya bavuvi itaangalia namna ya…"

"Comité haina pua," alisema Mama Sidonie.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa swali lote, na Lévi aliona kwamba lilikuwa ukumbini tangu asubuhi, kabla ya koti, kabla ya kilio. Na katika mwezi mzima wa kukata maneno hakuwahi kuliandikia hata moja. Aliwatazama kina mama. Walikuwa watu wa kusimama juani na samaki mbele yao, na jina lao ndilo lililonuka samaki akinuka. Yeye alikuwa na shati.

"Lévi," alisema baba yake kutoka mkononi mwa Mama Sidonie, "mama amekuuliza."

Akaizima projekta. Feni ikavuma kidogo, ikafa. Akaenda dirishani akalishusha blanketi, kisha la pili, waonane.

"Nina jibu," alisema.

"Sema kwa nguvu," alisema Mama Sidonie, akiinua simu juu ya kichwa chake, "bamama ba nyuma basikie, na baba yako asikie. Halafu papa Mirindi atasema yake, na tutainua mikono ya kweli."

"Mama Sidonie," alisema Lévi, "gari ya kwanza nitapanda nayo mimi mwenyewe toka Vitshumbi, nyuma, juu ya masanduku, siyo mbele na dereva. Ikisimama barrière, nitasimama nayo. Na ile ya pili, na zote za nyuma yake, mupaka wewe useme imetosha. Siku samaki itanuka, nitakuwa pale sokoni, kando ya meza yako, na muteja ataniuliza mimi."